Mlango Mdogo wa Betri

Mpenzi msikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya kitu chenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2 tu. Ni betri ile ya duara, bapa, inayong'aa, ambayo watu wengi wanaiita betri ya saa. Mgongoni mwake imeandikwa CR2032. Maandishi hayo si mapambo. C inaonyesha kemikali iliyomo, yaani lithiamu pamoja na manganizi. R ni alama ya umbo la duara. 20 ni upana wake. Na 32 ni unene ukihesabiwa kwa sehemu za kumi za milimita.

Betri ya namna hii imo ndani ya mashine nyingi za gemu za televisheni zilizotengenezwa miaka ya 80 na ya 90, na ndani ya kaseti zake. Haiendeshi mashine, kwani mashine inakula umeme wa ukutani. Kazi yake ni moja tu: kukumbuka wakati mashine imezimwa. Inakumbuka saa ni ngapi, leo ni tarehe gani, na mchezaji alifika wapi jana usiku kabla mama hajamwambia azime akalale.

Sasa mashine hizo zimezeeka, na betri zake zinakufa moja baada ya nyingine. Kubadilisha betri ni kazi ndogo, utasema. Mbona fundi wa saa anaifanya barazani kwa dakika tano? Lakini katika historia ya mashine hizi, jambo hilo dogo limegeuka kuwa swali kubwa: aliyenunua chombo kwa fedha zake, ameachiwa mlango wa kuingia ndani yake au hakuachiwa? Watengenezaji walilijibu swali hilo kwa namna tatu tofauti, na majibu yao ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Hebu tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine iliyoitwa Famicom, ambayo Marekani ilifika mwaka 1985 kwa jina la NES. Gemu zilikuwa ndani ya kaseti za plastiki, na chipu iliyomo ndani ya kaseti ilikuwa kama kitabu kilichokwisha kupigwa chapa: unaweza kukisoma, huwezi kuandika ndani yake. Ukizima mashine, yote uliyoyafanya yamekwenda na maji. Kwa gemu ya kupiga risasi na kuruka mashimo hilo halikuwa tatizo. Lakini kwa gemu yenye hadithi ndefu, safari ya majuma kadhaa, lilikuwa tatizo kubwa.

Dawa ya kwanza ilikuwa kalamu na karatasi. Mwaka 1986 ilitoka gemu ya Dragon Quest nchini Japani. Mchezaji alipotaka kupumzika, gemu ilimpa maneno ya kufufulia safari yake, herufi 20 za Kijapani, akaziandika kwenye daftari. Kesho yake aliziingiza tena moja moja. Sehemu ya pili ya gemu hiyo, ya mwaka 1987, ilikuwa na mambo mengi zaidi ya kukumbuka, kwa hiyo maneno hayo yaliweza kufika herufi 52. Ukikosea herufi moja tu, safari haifunguki. Unaweza kumfikiria mtoto wa shule aliyeandika herufi 52 kutoka kwenye kioo cha televisheni kwa haraka, halafu kesho yake akagundua kwamba mwandiko wake mwenyewe haumsomeki.

Hapo ndipo betri ilipoingia. Gemu ya The Legend of Zelda, iliyotoka Japani mwaka 1986 ikiwa ndani ya diski, ilipelekwa Marekani mwaka 1987 ndani ya kaseti ya rangi ya dhahabu. Ndani ya kaseti hiyo, pembeni mwa chipu ya gemu, iliwekwa chipu nyingine ndogo inayoweza kuandikwa na kufutwa, na pembeni yake betri ya duara. Hiyo ilikuwa miongoni mwa kaseti za mwanzo kabisa za nyumbani kutumia njia hiyo. Dragon Quest nayo ilifuata kwa sehemu yake ya tatu mwaka 1988. Daftari likawekwa kando.

Chipu hiyo ya kuandikwa ina tabia moja: bila umeme inasahau kila kitu papo hapo. Lakini inapokuwa imelala inahitaji umeme kidogo mno, wa kiasi cha sehemu moja au mbili za milioni za ampea. Tufanye hesabu. Betri ya CR2032 ikiwa mpya ina uwezo wa kama miliampea 220 kwa saa moja. Ikiwa chipu inakula sehemu mbili za milioni za ampea, betri hiyo itailisha kwa saa 110,000, yaani zaidi ya miaka 12. Chipu inayokula kidogo zaidi inaweza kuishi miaka 20 na kupita, ingawa betri nayo inajila yenyewe taratibu hata isipotumika. Kwa mtengenezaji aliyekuwa akiuza gemu mwaka 1987, miaka 12 ilikuwa sawa na milele. Nani angemfikiria mtu atakayeitafuta kaseti hiyo kabatini mwaka 2025?

Hata wakati betri ikiwa mzima, kumbukumbu ile ilikuwa dhaifu. Gemu ya Zelda ilimwagiza mchezaji abonyeze kitufe cha Reset na kukishikilia wakati anazima mashine. Sababu yake ni kwamba umeme unapokatika, mashine hupitia kipindi kifupi cha kuchanganyikiwa, na katika kipindi hicho inaweza kuandika upuuzi juu ya kumbukumbu. Wengi walisahau kushika kitufe, na wengine walilia.

Basi ndani ya kaseti betri iliwekwaje? Vibati vidogo viliunganishwa juu na chini yake, na vibati hivyo vikachomelewa kwa risasi kwenye bodi. Halafu kaseti ikafungwa kwa skrubu yenye kichwa cha ajabu ambacho bisibisi ya kawaida haiingii. Hili ndilo jibu la kwanza la watengenezaji: betri ipo, ila mnunuzi hahusiki nayo.

Matokeo yake yalionekana vizuri katika gemu za Pokémon Gold na Silver zilizotoka Japani mwaka 1999 kwa mashine ya mkononi ya Game Boy Color. Kaseti hizo zilikuwa na saa ndani yake. Usiku ukiingia nje, na ndani ya gemu giza linaingia. Jambo la kupendeza, lakini saa haina kulala, inakula betri mchana na usiku. Kwa hiyo kaseti hizo zilianza kusahau mapema kuliko za kabla yake, ambazo hazikuwa na saa. Mtoto aliyekusanya viumbe wake kwa mwaka mzima anaifungua kaseti akiwa mtu mzima, anakuta hakuna hata mmoja. Gemu inamkaribisha kama mgeni.

Jibu la pili lilitoka kampuni nyingine ya Japani, Sega. Mwezi Novemba mwaka 1994 Sega ilitoa mashine ya Sega Saturn. Gemu zake zilikuwa ndani ya santuri za CD, na CD haiandikwi na mchezaji, kwa hiyo kumbukumbu ililazimika kukaa ndani ya mashine yenyewe. Ilikuwa kilobaiti 32 tu, ikitunzwa na betri ya CR2032. Betri hiyo ilihifadhi pia saa na tarehe. Ikifa, mashine inawaka na kukuuliza lugha yako na tarehe ya leo, kama vile mmekutana siku ile.

Lakini angalia Sega walivyofanya. Nyuma ya mashine waliweka kifuniko cha plastiki. Unakifungua kwa kidole, unaiona betri imekaa kwenye kikalio chake, unaitoa, unaweka mpya. Hakuna skrubu, hakuna fundi, hakuna kuchomelea. Zaidi ya hapo iliuzwa kaseti ya akiba, ya kuchomeka juu ya mashine, ambayo mchezaji angeweza kunakili humo kumbukumbu zake kabla ya kugusa betri. Mhandisi aliyechora kile kifuniko alikuwa anasema kwa vitendo: najua betri hii itakufa, na najua mwenye mashine ndiye atakayekuwepo siku hiyo, si mimi.

Miaka minne baadaye kampuni ile ile ilibadili msimamo. Novemba 1998 Sega ilitoa Dreamcast, mashine yake ya mwisho ya nyumbani. Safari hii kumbukumbu za wachezaji zilihamia kwenye kadi ndogo inayochomekwa kwenye pedi, na chipu ya kadi hiyo inaweza kukaa bila umeme na isisahau. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Kadi ilikuwa na betri zake mbili za CR2032 ambazo mtu aliweza kuzibadilisha mwenyewe, na zikifa, kadi inapiga mlio mkali kila unapowasha mashine, lakini rekodi zako ziko salama.

Saa ya mashine ndiyo iliyobaki. Kwa ajili yake Sega iliweka betri ya aina nyingine, ML2020, ambayo inachajiwa na mashine yenyewe kila inapowashwa. Kwenye karatasi, wazo ni zuri: betri inayojijaza haihitaji kubadilishwa, kwa hiyo mlango wa nini? Ikachomelewa kwa risasi kwenye bodi ndogo ya mbele, ile yenye matundu ya pedi, na mlango haukuwekwa.

Wasichokipima ni maisha ya chombo baada ya soko. Tarehe 31 Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza Dreamcast. Kwa jumla ziliuzwa mashine zaidi ya milioni 9, na nyingi zikaingia makabatini na mvunguni mwa vitanda. Betri ya kuchajiwa inayokaa miaka bila kuchajiwa hufa. Kwa hiyo leo ukiitoa Dreamcast kabatini, kila unapoiwasha inakuuliza tarehe. Unaijibu, unacheza, unazima, na kesho inakuuliza tena. Gemu nyingi zitaendelea kuchezwa. Lakini ilikuwepo gemu kama Seaman, ya mwaka 1999, ambamo unafuga kiumbe wa majini mwenye uso wa binadamu, na anakua kwa kufuata saa ya kweli. Saa ikipotea, na yeye anapotea katika wakati.

Kwa walio na mashine hiyo, kazi yenyewe iko hivi. Kwanza chomoa waya wa umeme, kwa sababu bodi ya umeme wa ukutani imo mle mle ndani na haina kifuniko. Geuza mashine, fungua skrubu nne, mojawapo imejificha chini ya modemu. Toa ile bodi ya mbele, yeyusha risasi, ng'oa betri kuukuu, halafu usichomelee betri nyingine. Chomelea kikalio cha betri, kisha weka humo betri ya kuchajiwa ya ML2032. Mwenzako atakayeifungua baada ya wewe ataibadilisha kwa kidole. Tahadhari kubwa ni hii: usiweke CR2032 mahali pale kwa sababu tu inaingia. CR haichajiwi. Bodi itajaribu kuichaji, nayo inaweza kuvuja au kupasuka. Herufi mbili za mgongoni zinaweza kuleta hasara.

Kwa kaseti kazi ni karibu ile ile, ila kuna jambo moja la kuumiza. Ukitoa betri, kumbukumbu inafutika. Kwa hiyo kwanza nakili, kwa vifaa vidogo vya kusomea kaseti ambavyo siku hizi vinauzwa, kisha ndipo ufungue. Na ukiwa umeng'oa betri ikiwa bado hai kwa kuwa ulichelewa kunakili, hakuna fundi duniani atakayeirudisha ile safari.

Sasa jibu la tatu. Hili tunalipata nje ya nyumba, kwenye kumbi za michezo za kutumbukiza sarafu, ambako biashara ilikuwa kubwa na wizi wa kunakili gemu ulikuwa mwingi. Mwaka 1993 kampuni ya Capcom ilitoa bodi iliyoitwa CPS-2, na gemu yake ya kwanza ilikuwa Super Street Fighter II. Gemu ziliandikwa kwa mafumbo, na ufunguo wa mafumbo hayo uliwekwa katika kumbukumbu inayotunzwa na betri. Mwizi akifungua na kuchezea, ufunguo unafutika. Lakini betri haijui tofauti kati ya mwizi na miaka. Ilipochoka, ufunguo ulifutika vile vile, na mwenye ukumbi aliyelipa kila senti akabaki na bodi isiyowaka. Wachezaji waliziita betri za kujiua. Hapa mlango haukusahauliwa. Ulifungwa kwa makusudi, na ufunguo ukabaki kiwandani, kwani bodi iliyokufa ilitakiwa irudishwe kwa kampuni.

Waliookoa bodi hizo ni watu wa kujitolea. Mwaka 2007 walifanikiwa kuvunja mafumbo yenyewe, na mwaka 2016 ikapatikana njia ya kuurudisha ufunguo ndani ya bodi iliyokufa, ikaamka kama ilivyotoka kiwandani. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kurekebisha matokeo ya uamuzi mmoja wa ofisini.

Huenda unasema, hayo ni mambo ya kale. La hasha. Mwaka 2013 Sony ilitoa PlayStation 4, na zimeuzwa zaidi ya milioni 100. Ndani yake imo betri ya saa. Machi mwaka 2021 Sony ilipotangaza kwamba itafunga maduka yake ya intaneti ya mashine za zamani, watu walianza kujiuliza maswali, na wakagundua jambo. Betri ile ikifa, na mashine isiweze kuwasiliana na kompyuta za Sony ili kuuliza saa, ilikataa kucheza gemu, hata gemu ya santuri uliyoinunua dukani na kuishika mkononi. Maana yake, siku kampuni itakapozima kompyuta zake, betri ndogo ingetosha kuzinyamazisha mashine hizo. Kelele zilipigwa. Septemba mwaka huo huo ilitoka programu mpya namba 9.00, na tatizo likaondoka, bila tangazo la kulieleza. Kelele zilisaidia, na zilisaidia kwa sababu zilipigwa mapema, betri nyingi zikiwa bado hai.

Kwa haki, tusikilize na upande wa pili. Mlango unaofunguka kwa kidole cha mtu mzima unafunguka pia kwa kidole cha mtoto. Betri hizi zikimezwa na mtoto mdogo na kukwama kooni, zinaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili tu, na zile za upana wa milimita 20 ndizo za hatari zaidi. Watoto wamekufa. Marekani mwaka 2022 ilipitishwa sheria iliyopewa jina la mtoto mmoja aliyepoteza maisha hivyo, Reese, nayo inataka sehemu ya betri ifungwe kwa namna itakayohitaji kifaa, au vitendo viwili kwa wakati mmoja, ili kuifungua. Ni sheria ya busara. Lakini tuone inachokitaka: inataka skrubu. Haikutaka risasi, wala haikutaka ufunguo ubaki kiwandani. Mlango wenye skrubu unamlinda mtoto, na bado unamheshimu mwenye chombo. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka betri za vyombo vya mkononi na vya nyumbani, isipokuwa vichache, ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji, na tarehe iliyowekwa ni 18 Februari 2027.

Sisi tunaonunua vyombo vilivyokwisha tumika, vinavyotufikia vikiwa na umri wa miaka kumi au zaidi, jambo hili linatuhusu kuliko wanaovinunua vikiwa vipya. Chombo kinapofika Kariakoo au Luthuli, betri yake imekwisha kula sehemu kubwa ya maisha yake. Aliyechora mlango miaka ile alimfanyia kazi mnunuzi wa kwanza, na akamfanyia pia wa tatu na wa nne. Aliyechomelea kwa risasi alimhesabu wa kwanza peke yake.

Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, nakuachia mambo matatu. Kama una mashine au kaseti ya zamani, usisubiri ife. Nakili kumbukumbu zake sasa, kisha mpelekee fundi anayejua kuchomelea, na mwambie akuwekee kikalio. Betri iliyotolewa ifunge kwa gundi ya karatasi pande zote mbili, iweke mbali na watoto mpaka utakapoitupa. Na siku utakapokwenda dukani kununua chombo chochote chenye betri ndani, iwe gemu, redio au saa ya ukutani, kigeuze kwanza, utazame nyuma kama kina mlango.

Tukijaliwa tutakutana tena juma lijalo, wakati kama huu. Kwa heri.